Hiace ya kulala: fundi alivyolisoma gari kabla ya bei kutajwa

Gari lilikuwa Toyota Hiace ya paa la juu, imetoka Japani ikiwa tayari imegeuzwa nyumba: kitanda cha kukunja nyuma, sinki dogo, makabati, jiko la gesi na friji iliyofichwa chini ya benchi. Ilikuwa mstari wa mbele kwenye yadi moja ya mjini Dar es Salaam, imepigwa polishi mpaka inang'aa. Mnunuzi ni kijana anayepeleka wageni Mikumi na Saadani, na moyo wake ulishazama. Lakini alifanya jambo moja la busara. Kabla ya kuzungumza bei alikwenda eneo la Gerezani akamchukua fundi wake mwenyewe, mtu ambaye riziki yake ni kufungua Hiace na Coaster na ambaye yadi ile haikuwa na cha juu cha kumpa. Ukaguzi alioufanya fundi huyo ndio ninaouchambua hapa. Magari ya aina hii yameanza kuonekana kwenye yadi zetu, na wengi wanayanunua kwa kuangalia kitanda.

Mpangilio wa kazi ndio ulionivutia zaidi. Dalali alifungua mlango wa pembeni moja kwa moja, akawasha taa za ndani, akavuta droo. Fundi hakuingia. Alisema, "Kaka, nyumba tutaiona mwisho. Kwanza nionyeshe injini, na isiwashwe." Kwenye Hiace hii, ya mfululizo ulioanza kuuzwa Japani mwaka 2004, injini imekaa chini ya viti vya mbele. Alinyanyua kiti, akaweka kiganja juu ya chuma. Ilikuwa ya baridi, kama alivyoomba kwa simu siku iliyotangulia. Injini ya dizeli iliyochoka huficha mengi ikishapata moto: inawaka kwa mkupuo mmoja, moshi umeshapungua, mlio umetulia. Ukifika yadi ukakuta injini ina joto, omba kurudi kesho asubuhi.

Kisha akasoma namba ya chasisi. Namba za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huanza na herufi za modeli, na kwa Hiace hizi KDH ni dizeli, TRH ni petroli. Hii ilikuwa KDH, yenye injini ya lita 3.0 inayoitwa 1KD. Ni injini yenye nguvu, inapanda mlima Kitonga na mzigo bila kulalamika, ila ina ugonjwa wake mmoja nitakaourudia.

Dashibodi ilisoma kilomita 92,000. Dalali aliitaja namba hiyo zaidi ya mara moja, na hakukosea kuitaja, kwa sababu ndiyo inayopandisha bei. Fundi akafungua mlango wa dereva, akainama kwenye nguzo ya mlango, akaanza kupangusa vumbi kwa kidole gumba. Kulikuwa na stika ndogo iliyofifia, ya gereji ya huko Japani, ambayo hubandikwa kila oili inapobadilishwa. Maandishi ya Kijapani hakuyajua, ila tarakimu alizijua: 27 upande wa mwaka, na chini yake 141,000.

Mwaka ule 27 ni wa kalenda ya wafalme wa Japani. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukitaka mwaka wa kawaida unajumlisha 1988: Heisei 27 ni 2015. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, nayo unajumlisha 2018, hivyo Reiwa 3 ni 2021. Maana yake ni kwamba mwaka 2015 gari hili lilishatembea kilomita 141,000, na leo linadai 92,000. Dalali alisema huenda mlango umetoka gari jingine. Fundi hakubishana. Alionyesha tu kwamba stika haikuwa mlangoni, ilikuwa kwenye nguzo, na nguzo haibadilishwi.

Wengi huishia hapo kwa hasira, wakidhani kosa ni kudanganywa umri. Kilomita nyingi peke yake si ugonjwa, maana Hiace inayotunzwa hufika mbali sana. Hatari iko kwenye mkanda wa taimingi. Injini ya 1KD inatumia mkanda wa mpira, na Toyota imeuwekea kikomo cha kilomita 100,000 hadi 150,000 kutegemea toleo. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT ya kumkumbusha dereva, na taa hiyo inahesabu kilomita. Ukirudisha kilomita nyuma, kumbukumbu hiyo haiaminiki tena. Mkanda ukikatika njiani, valvu zinagonga pistoni, na hapo huzungumzii tena mkanda, unazungumzia injini. Kwa mtu anayebeba wageni usiku kuelekea Morogoro, hili si jambo la kusema tutaona mbele ya safari.

Chini ya gari alitumia bisibisi na tochi. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na mikoa ya Tohoku, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chasisi kwa miaka. Yadi nyingi hupaka dawa nyeusi chini, gari likaonekana jipya. Kwa hiyo hakuangalia rangi, aligonga. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu na bisibisi inazama. Hii ilikuwa salama, isipokuwa vishikio vya springi za nyuma vilivyokuwa na kutu ya juujuu. Alibaki hapo muda mrefu, kwa sababu kabati, tangi la maji na betri ya pili vyote viko nyuma, na springi hizo zimebeba uzito huo mchana na usiku hata gari likiwa limeegeshwa.

Alivuta pia mikanda ya viti mpaka mwisho wake. Gari lililozama huoshwa viti na zulia, lakini mkanda uliojikunja ndani ya kifaa chake hubaki na mstari wa tope. Japani kuna tufani, na sisi tuna bonde la Jangwani, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliyapitia magari mengi. Mikanda ilikuwa safi.

Ndipo akaliwasha. Lilivuta kidogo, likakohoa, likatoa moshi mweupe uliokata baada ya muda. Akafungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Mafundi husema injini inapumua. Hewa ilikuwa inasukuma mkono wake kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Huu ndio ugonjwa wa 1KD. Kila nozeli imekalia washa nyembamba ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande. Washa ikichoka, moshi wa mlipuko unavuja na kuingia kwenye oili, kwa sababu nozeli ziko ndani ya kifuniko cha valvu. Oili inageuka masizi mazito, masizi yanashuka kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio ambalo pampu ya oili inavutia. Injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Inajifunga ghafla, na mwenye gari anabaki akilaumu oili aliyonunua juzi. Mkono juu ya tundu haukutosha kuthibitisha, kwani hata ringi zilizochoka hupumua. Uthibitisho ni kufungua sampo na kulitazama chujio kwa macho. Kazi yenyewe ni oili mpya na silikoni ya kufungia.

Nyumba aliiacha mwisho kweli. Aliomba mpira wa maji, akamweka kijana wa yadi amwagie paa huku yeye amekaa ndani na tochi. Paa la juu la gari hili lilikuwa faiba iliyounganishwa na bati la gari, na kiungo kile hutegemea silikoni ambayo jua huipasua. Baada ya muda tone lilitokea kwenye kona juu ya kabati, na aliposukuma mbao ya ukuta kwa kidole gumba ikabonyea. Chini ya stika ya maua iliyobandikwa vizuri, mbao ilikuwa imeoza.

Umeme nao una mtego. Soketi za Japani ni za volti 100, na tundu la nje la kuchajia betri ya pili limetengenezwa kwa umeme huohuo. Ukilichomeka kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 bila transfoma ya kushusha, chaja inaungua papo hapo, na pengine friji nayo. Upande wa gesi, ukitaka kuweka mtungi wetu wa kilo 6 badala ya vikopo vya Kijapani, hakikisha kabati la mtungi lina tundu la hewa sakafuni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, pale pale unapolala.

Karatasi zilichukua muda mfupi. Cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje kinataja namba ya chasisi na mwezi wa usajili wa kwanza, na mara nyingi kilomita pia. Karatasi ya mnada inaonyesha daraja, na herufi R humaanisha gari lilipata ajali na kutengenezwa. Yadi ilikuwa na cheti kwa nakala tu, na sehemu ya kilomita ilikuwa imefifia isisomeke. Karatasi ya mnada haikuwepo.

Kutoka pale fundi na mnunuzi walitembea hadi maduka ya spea Kariakoo na Gerezani kuuliza bei, kitu ambacho wanunuzi wengi hukifanya baada ya kulipa. Waliuliza nozeli nne, mpya na za mtumba, mkanda wa taimingi na roli zake, na bushi za springi. Fundi alimkumbusha kwamba kwenye matoleo mengi ya injini hii kila nozeli ina msimbo wake unaopaswa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari, hivyo nozeli ya mtumba isiyo na msimbo unaosomeka ni ya kuikwepa hata ikiwa rahisi. Jumla hiyo ndiyo waliyorudi nayo yadi.

Waliomba jambo moja: sampo ifunguliwe, kwa gharama ya mnunuzi. Yadi ilikataa. Hapo mnunuzi aliaga, na naona alifanya sawa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa mbovu, lakini ukishaikagua mwenyewe, ulinzi huo hauhusu kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Ukishaona dalili ya nozeli ukalipa hivyo hivyo, umejifungia mlango wa kudai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nenda na fundi wako, si wa kuletewa na dalali. Likute gari la baridi. Na yadi ikikataa sampo kufunguliwa, usiache hata shilingi ya kishika uchumba.