Hela za Tabora

Sarafu ya hela 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 haina mapambo mengi. Upande mmoja una taji, mwaka na herufi D.O.A., kifupi cha jina la Kijerumani la koloni la Afrika Mashariki. Upande wa pili umeandikwa 20 Heller, na chini yake kuna T ya Tabora. Lakini zipange kadhaa mezani uzikague kwa lenzi. Taji la hii ni kubwa, la ile ni dogo. Kwenye neno Heller, L mbili za sarafu moja zina ncha kali, za nyingine zimejikunja, na kuna ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Mtu alizichonga herufi hizo kwa mkono, na zaidi ya miaka mia moja baadaye mkono wake bado unaonekana.

Heller ni sarafu ya zamani sana. Jina lake linatokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ambako tangu karne ya 13 zilipigwa sarafu ndogo za fedha zenye kiganja cha mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili. Kadiri miaka ilivyopita fedha ilizidi kupungua ndani yake, hata heller ikawa sarafu ya mtu wa chini, nusu ya pfennig. Mpaka leo Mjerumani akisema amelipa deni kwa heller na pfennig, ana maana hakubakiza hata senti.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ililichukua jina hilo kongwe na kulileta kwetu. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa na pesa 64. Sasa ikawa na heller 100. Watu walitakiwa kulipa kodi ya nyumba kwa sarafu, na kazi za mashamba na reli zililipwa kwa sarafu, kwa hiyo jina likasambaa haraka. Kwa Waswahili likawa hela. Ujerumani lilikuwa jina la kitu duni kabisa. Huku likapanda cheo, likawa fedha yoyote, hata mamilioni. Nchini Burundi, iliyokuwa sehemu ya koloni lile lile, Kirundi mpaka leo huita fedha amahera.

Hela za mwanzo zilitoka Ulaya. Zile za Berlin zina herufi A, za Hamburg zina J, na zote ni safi, kwani zilipigwa kwa mitambo mikubwa na mafundi waliokuwa na kila kitu. Ni kazi nzuri. Hata hivyo, mimi huziangalia mara moja nikazirudisha mahali pake.

Za Tabora ni habari nyingine. Vita vilipoanza mwaka 1914 meli za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu za Ulaya zikakoma. Serikali ikachapa noti za dharura, ambazo watu wengi walizipokea kwa shaka. Ndipo ikaundwa karakana ya kupigia sarafu huko Tabora, mji uliofikiwa na reli ya kati mwaka 1912. Shaba ilipatikana popote ilipopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya kuchonga muhuri wa chuma. Fundi huchonga kinyume: maandishi yanasomeka kutoka kulia, na sehemu itakayoinuka kwenye sarafu ndiyo anayoichimba kwa kina zaidi. Akikata kupita kiasi, chuma hakirudi. Akishamaliza hukichoma moto na kukipoza ghafla ili kiwe kigumu, na hapo kinaweza kupasuka, kazi yote ikapotea. Muhuri uliosalimika nao huchakaa kwa mapigo, na mwingine huchongwa. Ndiyo maana zile L hazifanani.

Ufundi huo ulifika kileleni kwenye rupia 15 ya dhahabu. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu halisi. Upande mmoja kuna tai wa dola. Upande wa pili kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Wajuzi wa sarafu hizi husema mihuri yake ilichongwa na sonara kutoka Ceylon. Ni jambo linaloaminika kabisa, kwa kuwa tembo yule ana uhai ambao tai hana: uzito wake uko miguuni, na mkonga umenyooka kwa nguvu. Zilipigwa 16,198, kwa mihuri ya aina mbili. Ncha ya pambo moja inaishia chini ya T ya neno Ostafrika, au chini ya A.

Vita vile viliwamaliza wapagazi wetu kwa maelfu, na sina sifa kwa walioviamuru. Sifa yangu ni ya waliosimama karakanani. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na herufi T haikupigwa tena.

Hela za shaba za mwaka ule bado zipo katika masanduku ya mabibi na kwenye meza za wauza vitu vya kale. Ukiipata moja, tafadhali usiisugue kwa ndimu na majivu kama sinia. Utakachoondoa ni ncha za zile L. Ifute vumbi kwa kitambaa laini, iweke pakavu, na umwonyeshe mwanao herufi T.