Programu ya sarufi isimpokonye mhusika sauti yake

Majuzi nilimtumia mhariri mmoja hadithi fupi niliyokuwa nimeihangaikia kwa miezi kadhaa. Baada ya siku chache akanipigia simu. "Mwalimu, hadithi ni nzuri," alisema, "ila kuna jambo sikulielewa. Huyu nyanya anamchukia mjukuu wake au anampenda?"

Nilishtuka. Chuki ya nyanya huyo ndiyo iliyoibeba hadithi nzima!

Niliurejelea mswada. Katika rasimu ya kwanza, nyanya anamtazama mtoto wa mkazamwana wake na kuuliza: "Kitoto hiki kinalia nini tena?" Katika nakala niliyomtumia mhariri, anauliza: "Mtoto huyu analia nini tena?" Kwani nani aliyebadilisha? Ni mimi mwenyewe, kwa ushauri wa programu ya kusahihisha sarufi. Iliipigia mstari sentensi hiyo, nami kwa uchovu wa usiku nikabofya na kukubali.

Tuitendee haki programu hiyo. Kanuni iliyoifuata ipo. Nomino za viumbe wenye uhai, hata zikianza kwa ki-, aghalabu huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: kipofu amefika, kiongozi amesema, kifaru amekufa. Hata hivyo, nomino inapotiwa katika hali ya udogo au ukubwa, upatanisho hubadilika: kitoto kinalia, jitu limekuja. Mtunzi huyatumia maumbo hayo kudunisha, kukejeli au kutisha. Programu iliona kosa la ngeli pale ambapo msomaji angeona chuki.

Ajabu ni kwamba programu iyo hiyo ilinyamaza palipohitaji kelele. Nilikusudia kuandika kuwa mkazamwana alikuwa "akifua nguo uani." Kidole kikateleza, nikaandika "akivua nguo uani." Hapakutokea mstari wowote! Kufua na kuvua yote ni maneno sanifu, na sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Mhariri ndiye aliyeling'amua kosa hilo, akacheka hadi nikaona haya.

Kimsingi, baadhi ya programu hizi hulinganisha kila neno na orodha ziliyo nayo. Nyingine hupima, kutokana na matini nyingi zilizolishwa, ni neno gani huandamana na lipi. Kwa vyovyote vile, zinapendelea lililozoeleka. Bunilizi nayo mara nyingi hustawi kwa lisilozoeleka. Mathalani, Katama Mkangi aliiita riwaya yake ya 1995 Walenisi, jina lililoundwa kwa kuunganisha maneno "wale ni sisi." Hebu liandike neno hilo kwenye kompyuta yako uone litakavyopokewa.

Je, tuzitupe programu hizi? La hasha. Mimi bado naitumia yangu, ila kwa masharti. Kwanza, nahifadhi nakala ya mswada kabla ya kuigusa. Pili, naiachia kazi inayoiweza: herufi zilizorukwa, neno lililorudiwa, nafasi zilizozidi. Tatu, mazungumzo ya wahusika nayakagua mwenyewe kwa kuyasoma kwa sauti. Utingo wa matatu hazungumzi kama mtahini, na mzee wa Lamu hatasema kama kijana wa Eastlands. Nne, kabla ya kukubali pendekezo lolote, najiuliza: ni nani anayesema hapa? Ikiwa ni msimulizi, huenda programu ina hoja. Ikiwa ni mhusika, namsikiliza mhusika kwanza.

Wanafunzi wangu huniambia kuwa kompyuta haichoki. Ni kweli. Lakini pia haimjui nyanya yule, wala haijui kwa nini hataki kumwita mjukuu wake mtoto.

Nilikirejesha "kitoto" mahali pake na kuutuma mswada upya. Jibu la mhariri lilikuwa fupi: "Sasa namwogopa nyanya huyu."