Akiba Ndani ya Chumvi

Ukipita Bryan Mound, karibu na mji wa Freeport kwenye pwani ya Texas, huoni kitu cha kukusimamisha. Kuna nyasi, uzio, mabomba, na hapa na pale vichwa vya visima vyenye vali zake. Kazi yenyewe iko chini, kuanzia kina cha mita 600 hivi, ndani ya mwamba wa chumvi. Huko yamesimama mapango marefu yaliyojaa mafuta ghafi. Pango la kawaida lina upana wa mita 60 hivi na kimo cha mita 600 na zaidi, na hubeba mapipa milioni 10. Hakuna binadamu aliyewahi kutia mguu ndani yake, hata wale waliolichonga.

Bryan Mound ni kituo kimoja kati ya vinne vya Hifadhi ya Kimkakati ya Mafuta ya Marekani. Vingine ni Big Hill, hukohuko Texas, pamoja na West Hackberry na Bayou Choctaw katika jimbo la Louisiana. Kwenye taarifa za habari hifadhi hii hutajwa kwa idadi ya mapipa tu: rais huyu ameyatoa, yule hajayarudisha, bei imepanda au imeshuka. Chombo chenyewe hakizungumzwi. Nami naona chombo ndicho chenye maajabu, kwa sababu kimetengenezwa kwa maji, ndani ya kitu ambacho maji hukiyeyusha, na kinatakiwa kidumu kwa vizazi.

Hitaji la chombo hicho lilizaliwa Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipokata mafuta kwa Marekani kwa sababu ya kuiunga mkono Israeli vitani. Ndani ya miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Mwaka uliofuata nchi zinazoagiza mafuta zikaunda Shirika la Kimataifa la Nishati, lenye makao yake Paris, zikakubaliana kwamba kila mwanachama aweke akiba, ambayo leo hupimwa kwa siku 90 za mafuta anayoyaagiza. Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuanzisha hifadhi ya Marekani, na Julai 1977 shehena ya kwanza ya mapipa 412,000 hivi ikaingia West Hackberry. Yalikuwa mafuta ya Saudia, mojawapo ya nchi zilizokuwa zimefunga koki miaka minne tu kabla.

Mwaka mmoja na nusu ni muda mfupi mno wa kujenga ghala la aina hiyo. Haraka ile iliwezekana kwa sababu mapango ya mwanzo hayakuchongwa na serikali. Kampuni za kemikali za eneo hilo zilikuwa zikiyeyusha chumvi ya chini ya ardhi kwa miaka mingi ili kupata malighafi ya viwanda vyao, na mashimo waliyoyaacha yalinunuliwa yakageuzwa maghala. Yalikuwa na maumbo ya ovyo, mengine yamepinda, mengine yametanuka juu kuliko chini, maana aliyeyachimba alitaka chumvi na hakujali shimo. Mafundi wa hifadhi walipoanza kuchonga ya kwao, walikuwa na makosa ya wenzao ya kujifunzia.

Chumvi yenyewe ni masalia ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, kabla ya Ghuba ya Meksiko kuwa kama ilivyo leo. Mchanga na tope vilijilundika juu yake kilomita kwa kilomita. Chumvi ni nyepesi kuliko miamba iliyoilalia, na ikibanwa kwa muda mrefu hulainika na kutiririka polepole. Kwa hiyo ilijipenyeza kwenda juu, ikasimama kama nguzo nene zilizozikwa, ambazo wanajiolojia huziita makuba. Pwani ile ina makuba zaidi ya 500. Chumvi yake haipitishi mafuta wala haiyeyuki ndani ya mafuta, na ikipata ufa, uzito wa ardhi huibana hadi ufa ukajiziba. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kuhifadhi pipa humo hugharimu kama sehemu ya kumi ya gharama ya kulihifadhi katika tangi la juu ya ardhi.

Watu wa Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, wanaijua kazi hii kinyumenyume. Wao huingiza maji ya bahari kwenye mabwawa, jua likayala maji, chumvi ikabaki ya kukusanywa. Texas huingiza maji ardhini yakaila chumvi, nayo chumvi ndiyo inayotupwa. Kinachobaki, na kinachotafutwa, ni nafasi tupu.

Uchongaji huanza na kisima kilichotiwa bomba la chuma na kushikizwa kwa saruji mpaka ndani ya chumvi. Ndani ya bomba hilo huteremshwa mabomba mengine mawili, moja likiwa ndani ya lingine. Maji ya mto au ya mfereji wa pwani husukumwa chini kwa njia moja, na maji yaliyokolea chumvi hupanda kwa njia nyingine. Ili kupata nafasi ya pipa moja la mafuta, hutumika mapipa saba ya maji. Pango la mapipa milioni 10 kwa hiyo hunywa mapipa milioni 70, na yote hurudi juu yakiwa mazito kwa chumvi, kisha hupelekwa kwa bomba hadi mbali baharini, au hurudishwa ardhini kwenye visima vya kuyatupia.

Ustadi uko katika kulielekeza jambo usiloliona. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi, kwa hiyo hupanda huku yakila kuta. Yaliyokwisha kushiba chumvi ni mazito, hutuama chini wala hayali tena. Fundi akiyaingiza maji kwa bomba la ndani, yakatokea karibu na sakafu, sehemu ya chini ndiyo inayotanuka zaidi. Akigeuza mzunguko, maji yakaingilia juu na yale mazito yakafyonzwa kutoka chini, sehemu ya juu nayo hupanuka. Akipandisha au kuteremsha ncha za mabomba, hubadilisha mahali pa kuchonga. Kwanza kabisa huchimba kishimo cha chini cha kupokea takataka, kwa kuwa chumvi ya asili ina chembe za madini yasiyoyeyuka, na chembe hizo zisipopata pa kuangukia zitaziba midomo ya mabomba.

Hatari kubwa iko juu. Maji mepesi hupenda kupanda, na yakiachwa yatalila dari. Kwa hiyo mafundi huweka tabaka la mafuta chini ya dari. Mafuta huelea juu ya maji, hayayeyushi chumvi, na hulinda paa wakati kuta zinapoliwa. Tabaka hilo likipanda au kushuka, umbo lote hubadilika, ndiyo maana hupimwa mara kwa mara katika muda wote wa uchongaji. Kila baada ya hatua fulani kazi husimamishwa, kikateremshwa chombo cha sona kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake ukutani, na kwa mwangwi huo huchorwa ramani ya pango. Fundi huilinganisha na umbo alilolikusudia, akaamua maji yaingilie wapi safari hii.

Paa lisipolindwa, matokeo yanajulikana. Huko Bayou Choctaw, kabla serikali haijafika, pango moja la kampuni ya kemikali liliendelea kuliwa kwenda juu hadi mwaka 1954 ardhi ikadidimia, na mahali pake pakawa ziwa. Hifadhi yenyewe ilipata somo lake Weeks Island, Louisiana. Huko mafuta hayakuwekwa katika pango lililoyeyushwa, bali katika mgodi wa zamani wa chumvi, wenye vyumba na nguzo, ulioingizwa mapipa zaidi ya milioni 70. Mwaka 1992 shimo lilionekana juu ya ardhi: maji ya ardhini yalikuwa yamepata njia ya kuingilia mgodini, nayo yalikuwa yakiipanua.

Namna walivyolikabili ndiyo inayonionyesha kwamba hawa ni mafundi kweli. Katika koo la shimo walipeleka maji yaliyokwisha kushiba chumvi, ambayo hayana nafasi ya kula zaidi, yakachukua mahali pa maji yenye njaa. Kisha wakaigandisha ardhi kulizunguka lile koo, ukawa ukuta wa barafu. Kwa muda huo walioupata, mafuta yalihamishiwa vituo vingine na mgodi ukafungwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mafuta ghafi ya Texas hayaozi pia, ila hayakai yalivyoachwa. Chini ya pango kuna joto kuliko juu, kwa hiyo mafuta huzunguka yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, jambo linalosaidia ubora wake usipishane. Lakini joto hilohilo la ardhi huyapasha, na gesi iliyonaswa katika chumvi hujipenyeza ndani yake. Mafuta ya namna hiyo yakifikishwa juu ya ardhi hutoa mvuke wa hatari, hivyo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakitolewa kwa zamu, yakaondolewa gesi na kurudishwa. Mafuta yenye salfa nyingi na yale yenye salfa kidogo hutengewa mapango tofauti, kwa sababu viwanda vya kusafishia havitumii mafuta ya aina moja.

Pango nalo halitulii. Chumvi iliyotiririka kwa mamilioni ya miaka haikuacha kwa sababu mtu ametoboa nafasi ndani yake. Kuta husogea kwa ndani, kiasi kidogo mno kila mwaka, na kwa kusogea huko hukaza shinikizo la mafuta. Shinikizo likizidi, kiasi hutolewa. Likishushwa mno, tuseme wakati wa kukarabati kisima, kuta husogea kwa kasi zaidi. Mara nyingine bonge la chumvi hubanduka ukutani, likaanguka na kukata bomba linaloning'inia ndani. Kuyatunza mapango haya ni kazi ya kila siku, hata katika miaka ambayo hakuna pipa linalouzwa.

Siku ya kutoa mafuta ikifika, maji husukumwa chini ya pango na mafuta huinuka yenyewe hadi juu. Pango halibaki tupu hata kidogo, kwani lingekosa kitu cha kuzizuia kuta. Hata hivyo yale maji si maji yaliyoshiba, nayo hula chumvi kama yalivyofanya siku ya kwanza. Kila pango likitolewa mafuta yote, hutanuka kwa asilimia 15 hivi, na kuta zinazolitenga na jirani yake hupungua. Ndiyo maana mapango haya yalibuniwa yakiwa na hesabu ya kutolewa mafuta kikamilifu mara tano.

Wafaransa walichagua njia nyingine. Huko Manosque, Provence, mapango ya chumvi yanayotumika tangu mwisho wa miaka ya 1960 husukumwa mafuta yake kwa maji yaliyokwisha kukolea chumvi, yanayotunzwa katika maziwa karibu na pwani na kuletwa kwa bomba refu. Gharama ya kuyatunza maji hayo ni ya kudumu, lakini mapango hayaliwi. Ng'ambo ya bahari yetu, India haikuwa na makuba ya chumvi ilipotaka kuweka akiba, ikapasua mwamba mgumu huko Visakhapatnam, Mangaluru na Padur, penye nafasi ya tani milioni 5.33 kwa jumla. Mwamba huo una nyufa zisizojiziba. Kwa hiyo kuzunguka mapango hutobolewa matundu yanayotiwa maji, na shinikizo la maji hayo huwa juu kuliko la mafuta. Kinachovuja basi ni maji kuingia ndani, ambayo hutuama chini na kupampuliwa nje, wala mafuta hayapati njia ya kutoka. Maji yanayokata Texas ndiyo yanayoziba India.

Hesabu za mapipa zinazotangazwa haziwezi kueleza haya. Desemba 2009 hifadhi ya Marekani ilifikia kilele chake, mapipa milioni 726.6. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Rais Joe Biden alitangaza kutoa mapipa milioni 180 kwa miezi sita, na kufikia kiangazi cha 2023 yalibaki milioni 347 hivi, kiwango cha chini kabisa tangu 1983. Mabishano yote yalikuwa juu ya bei: yaliuzwa kwa kiasi gani, na yatanunuliwa tena kwa kiasi gani. Mapipa yanarudishika. Kinachorudi kwa shida ni chumvi iliyoliwa wakati wa kuyatoa, na hasara hiyo haimo katika bei ya siku hiyo wala haidaiwi rais aliyeamuru.

Hiyo haina maana akiba isitumike. Iliwekwa itumike, na pango lililotunzwa miaka 50 bila kutolewa chochote siku ya shida lingekuwa kazi bure. Lakini mwenye kuisimamia nchi angefaa aulize kama wanavyouliza watunzaji wa mapango: mbali na kujua kuna mafuta kiasi gani, ajue kila pango limebakiza mara ngapi. Jibu lake liko katika ramani za sona, na ndilo linalosema nchi itaweza kujikinga mara ngapi tena.