Alizeti ya Uani

Wengi huijua alizeti kwa sura mbili. Ipo ya barabarani Singida: mashamba yaliyotanda manjano msimu wa mvua ukielekea ukingoni, na madumu ya mafuta yaliyopangwa kando ya lami yakisubiri mabasi. Ipo na ya picha, ua kubwa la duara kwenye kalenda na kuta za shule za chekechea. Ya kwanza ni biashara, ya pili ni pambo. Kati ya hizo ipo ya tatu, nayo ndiyo ninayotaka kuisifu: alizeti ya uani, inayolimwa kwa jembe la mkono nyuma ya jiko, mistari minne au mitano, na mtu anayeijua shina kwa shina. Kuilima hii ni ufundi kamili, na siri ya ufundi huo ni moja. Katika mmea huu, kila kinachovutia macho kiko kazini. Mkulima hodari ni yule anayetambua kila uzuri unafanya kazi gani, kisha akausaidia kuifanya.

Ufundi unaanza kabla mbegu haijagusa udongo, pale unapoamua alizeti ikae upande gani wa uwanja. Mmea huu humfikia mtu kimo na kumpita, kwa hiyo kivuli chake lazima kifikiriwe mapema. Tena, ua likishakomaa huelekea mashariki na kubaki hivyo hadi linakauka. Anayeyajua haya mawili huipanda magharibi mwa uwanja. Asubuhi jua linafika kwenye tuta la mchicha bila kizuizi. Alasiri, linapochoma, alizeti zinalitupia tuta lile kivuli. Nao wenye nyumba wakiketi kibarazani wanatazamana na nyuso za maua, hawaoni visogo. Mboga zimepata nafuu na nyumba imepambwa, na gharama yake ni kufikiri tu.

Kisha kuna suala la wakati. Singida na Dodoma zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe si ya kuchezea. Alizeti huchukua takriban siku 90 hadi 120 tangu kupandwa hadi kukomaa, kutegemea aina. Mkulima huhesabu kinyumenyume: anataka mvua iwepo mmea unapotoa ua na kujaza mbegu, na anataka mawingu yawe yameondoka vichwa vinapokauka, kwa sababu kichwa kinachoivia mvuani huota ukungu na kuoza. Ndiyo maana wengi huitia alizeti ardhini Januari, mahindi na mtama vikiwa vimekwisha kushika. Mwenye uwanja mdogo ana fursa ambayo mwenye shamba kubwa hana. Anaweza kungoja hadi udongo ulowe sawasawa, akatoka na jembe jioni moja, na giza likaingia amekwisha maliza.

Udongo uchimbwe kwa kina, samadi iliyooza vizuri ichanganywe. Mzizi mkuu wa alizeti, ukipata njia, hushuka hata mita 2, na ndio unaouwezesha mmea kuvumilia wiki ya jua kali wakati mahindi ya jirani yamekunja majani. Ukikutana na tabaka gumu karibu na juu, hupinda, na mmea hukosa ile nguvu yake ya kustahimili ukame. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shina na shina. Kila shimo lichukue mbegu 2 au 3, kina cha sentimita 3 hadi 5. Baada ya wiki mbili hivi, punguza miche hadi ubaki mmoja.

Kung'oa mche wenye afya kunauma, hasa kwa aliyelelewa kuthamini kila punje. Hata hivyo, miche miwili katika shimo moja hugombania maji na mwanga, na mwisho wake ni vichwa viwili vidogo vyenye mapepe mengi. Wiki hizo za mwanzo ndizo pia wiki za palizi. Alizeti changa ni dhaifu mbele ya magugu. Ikishafika magotini na majani yake mapana kufunika ardhi, inajipalilia yenyewe kwa kivuli chake.

Kuanzia hapo kazi ya mkono inapungua na kazi ya jicho inaongezeka. Mmea mchanga hufuata jua. Asubuhi ncha yake inatazama mashariki, jioni inatazama magharibi, na usiku, hapana jua la kufuata, hurudi taratibu kuingojea alfajiri. Hakuna msuli wala bawaba shinani. Ni ukuaji tu. Mchana upande wa mashariki wa shina hurefuka haraka zaidi, na ncha inalalia magharibi. Usiku upande wa magharibi hulipiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza jambo hili mwaka 2016. Walipoifunga mimea isiweze kugeuka, ilipoteza karibu asilimia 10 ya uzito na ukubwa wa majani. Kwa hiyo mwendo ule unaowafurahisha watoto ni chakula cha mmea. Fundi anayeelewa hivyo haifungi alizeti changa kwenye mti kwa hofu ya upepo. Anainulia udongo kwenye shina wakati wa palizi, kisha anaiachia uhuru wake.

Ua linapofunguka, mwendo unakoma na uso unabaki mashariki. Watafiti hao hao waliyageuza baadhi ya maua yaliyo kwenye vyungu yakatazama magharibi. Asubuhi, maua yaliyotazama mashariki yalitembelewa na wadudu wachavushaji mara tano zaidi ya yale yaliyogeuzwa. Sababu ni joto. Ua linalopigwa na jua la kwanza huwahi kupashika, na nyuki wa asubuhi hupenda ua lenye joto. Kwa mkulima wa uani hili ni agizo la wazi: usiache ukuta, mti wala banda la kuku kuinyima alizeti jua la saa moja asubuhi.

Petali zenyewe, zile za manjano zinazoipa alizeti sifa duniani kote, hazizai kitu. Kila moja ni kimaua tasa. Mbegu zinatoka kwenye duara la katikati, ambalo ni mkusanyiko wa mamia ya vimaua vidogo, wakati mwingine zaidi ya elfu, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kuzaa mbegu moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na hapa usemi wao umetimia: petali ni tangazo linaloonekana na nyuki kutoka mbali, na duka lenyewe liko ndani. Vimaua hivyo hufunguka kwa zamu, mzunguko wa nje kwanza, kisha unaofuata, kuelekea katikati, kwa muda wa wiki moja au zaidi. Kila kimaua hutoa chavua kwanza, halafu ndipo sehemu yake ya kike hufunguka kupokea chavua ya wengine. Mpango huo unaupa mmea nafasi ya kuchanganya damu na jirani, na mjumbe wa mchanganyo huo ni nyuki.

Ndiyo maana mwenye alizeti uani anafanya vyema kuwa na mzinga karibu, au kuelewana na jirani mwenye mzinga. Nyuki hujaza mbegu, na alizeti hulipa kwa asali ya rangi ya dhahabu ambayo huganda upesi. Kuganda huko ni tabia yake, wala si dalili ya kuchanganywa sukari. Katika siku za maua bomba la dawa libaki stoo. Wadudu wakizidi kabisa, dawa isubiri jioni, nyuki wakiwa wamerudi nyumbani.

Tazama sasa jinsi vimaua vilivyopangwa. Vimejipinda katika makundi mawili ya mikondo inayokatana, moja kulia, jingine kushoto. Ukiihesabu kwa uangalifu, mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Katika vichwa vikubwa, 55 na 89. Kila kimaua kimechipuka kwa pembe ya karibu digrii 137.5 kutoka kwa kilichotangulia, na kwa pembe hiyo hakuna nafasi inayopotea. Urembo ule ambao msusi au mfuma mikeka angejivunia ni njia ya kupakia mbegu nyingi kadiri inavyowezekana ndani ya duara moja. Mkulima naye hulisoma duara hilo baada ya mavuno. Kwa kuwa mbegu za katikati ndizo za mwisho kupata maji na chakula, kitovu kilichojaa humwambia kwamba msimu ulimtosha mmea hadi mwisho. Kitovu chenye mapepe humwambia kwamba mvua ilikatika mapema, au alichelewa kupanda, au alisongamanisha mashina. Taarifa hiyo haiuzwi dukani, na mwakani itamwongoza.

Kichwa kikishiba mbegu kinainama. Mgeni anaweza kudhani mmea umechoka, kumbe unailinda amana yake: mvua inateleza mgongoni, jua halichomi mbegu, na shomoro na chiriku wanakosa pa kusimama vizuri. Ndege ndio adui mkubwa wa alizeti ya uani, na kichwa kilichoinama ni nusu ya ulinzi. Nusu nyingine ni watoto wenye makopo ya kugonga. Mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha kahawia, wakati umefika. Vichwa hukatwa, huanikwa juu ya turubai, hupurwa kwa fimbo kwa upande wa nyuma, na mbegu hupepetwa kwa ungo. Mbegu iliyokauka barabara hupasuka kwa mlio ukiing'ata. Inayokubali kimya kimya irudi juani.

Uwanja wa mita 10 kwa 10 huingia mashina yapatayo 440. Mavuno yake yanaweza kuwa kilo 10 hadi 20, yaani lita tatu hadi tano hivi za mafuta. Kwa nyumba moja hiyo si kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani, Carl Bielenberg, alibuni hapa Tanzania kikamulio kidogo cha kusukuma kwa mkono, ili hata mavuno ya madebe machache yaweze kukamuliwa kijijini. Leo mashine za umeme ziko katika miji mingi ya kanda ya kati. Mafuta yakishatulia na kuchujwa, hubaki na harufu ya mbegu yake, na maharage yaliyoungwa kwayo hayahitaji utambulisho. Mashudu huenda kwa kuku na ng'ombe, na mabua makavu huenda jikoni.

Nimeacha kwa makusudi kazi iliyo kuu kuliko zote, ya kuchagua mbegu. Wenyeji wa Amerika Kaskazini waliianza zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Alizeti ya mwituni ina matawi mengi na vichwa vidogo. Wao, msimu baada ya msimu, walitenga mbegu za mimea iliyowapendeza, hadi ukapatikana mmea wa shina moja na kichwa kimoja kikubwa. Wahispania waliuvusha bahari katika karne ya 16, na Ulaya ikaupanda kama ua la bustani. Urusi ndiyo iliyoufanya zao la mafuta. Huko Krasnodar, Vasily Pustovoit (1886–1972) alitumia maisha yake akichagua vichwa. Alikuwa akigawa mbegu za kila kichwa mafungu mawili: moja alilipanda kulijaribu, jingine alilihifadhi. Watoto wa kichwa fulani wakionyesha wingi wa mafuta, alirudi kwenye akiba ya kichwa hicho hicho akaipanda. Kwa njia hiyo kiwango cha mafuta katika mbegu kilipanda sana, na alizeti nyingi za dunia ya leo zina mkono wake ndani.

Njia hiyo haihitaji maabara. Kama umepanda mbegu ya kawaida, kwa mfano ile ya Rekodi inayojulikana sana kanda ya kati, wala si chotara, chagua vichwa kumi au zaidi vilivyojaa hadi kitovuni, kutoka mashina imara yaliyosimama katikati ya shamba. Usichukue kichwa kimoja tu hata kikiwa kikubwa ajabu, maana mmea huu hudhoofika ukizaliana ndani ya ukoo mmoja. Kausha, weka kila kichwa bahasha yake, andika mwaka. Panda nusu, hifadhi nusu. Baada ya misimu michache utakuwa na mbegu inayoujua udongo wako na mvua zako kuliko mbegu yoyote ya pakiti. Shamba kubwa linadai mtaji, lakini kuchagua mbegu kunadai macho na subira tu, na hivyo viwili vimejaa katika nyua zetu. Anayeanza Januari hii ataweza kuwarithisha wanawe mbegu ya nyumba yao wenyewe.