Mashine na Sauti za Walionusurika

Msomaji, iko hazina ya ushahidi ambayo ni vigumu mtu mmoja kuimaliza. Ilianzishwa mwaka 1994 na Steven Spielberg, mtengenezaji wa filamu ya Schindler's List, na tangu mwaka 2006 imo chini ya Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani. Ndani yake wamo watu zaidi ya 50,000 walioketi mbele ya kamera wakasimulia yaliyowapata. Wengi wao ni Wayahudi walionusurika mauaji ya kimbari ya Wanazi, ambayo yaliangamiza wenzao wapatao milioni 6. Baadaye waliongezwa Wanyarwanda, Waarmenia na Wakambodia. Simulizi moja huchukua kama saa mbili. Ukisikiliza saa nane kila siku, bila kupumzika hata sikukuu, utahitaji zaidi ya miaka 30. Ni nani awezaye? Hapo ndipo tarakilishi ilipoitwa isaidie, na msaada wake ndio ninaotaka tuupime, wewe na mimi.

Tuanze kwa sifa, maana mhakiki asiyesifu linalostahili hana haki ya kulaumu. Zamani wanahistoria wengi wa maovu haya walitegemea sana karatasi za wauaji. Wauaji waliandika amri, orodha na ratiba za magari ya moshi. Waliouawa waliacha maandishi machache, na mengi yaliteketea pamoja nao. Raul Hilberg, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1961, alijenga hoja zake hasa juu ya karatasi za Wajerumani. Leo mtafiti huandika neno moja, tuseme "njaa", na mara huletewa mashahidi wa nchi nyingi waliolitaja jambo hilo. Aliyedhulumiwa amepata kusikika kando ya aliyemdhulumu. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini jiulize: mashine ilijuaje dakika ipi inahusu njaa? Haikujua. Walikuwapo watu waliosikiliza kanda, wakazigawa vipande vifupi, wakakipa kila kipande maneno ya mada. Mashine hurudisha kile tu kilichoandikwa na watu hao. Todd Presner, katika kitabu chake Ethics of the Algorithm cha mwaka 2024, ameeleza kwamba faharasa ya namna hii hushika zaidi mambo yaliyotendeka kuliko namna yalivyosemwa. Kimya hakina neno la mada. Kutetemeka kwa mdomo hakuna neno la mada. Chukua mfano wa kubuni: shahidi anasema, "Siku ile tulikula vizuri," kisha anainamisha kichwa asiseme tena. Faharasa itaandika "chakula". Aliyesikiliza tangu mwanzo atatambua kuwa ndiyo siku ya mwisho shahidi alipomwona mama yake. Msomi mwenye haraka huirukia dakika hiyo, akaichukua, akaenda zake. Amepata habari, amemkosa mtu.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo liko karibu nasi. Nchini Rwanda mahakama za Gacaca zilifanya kazi tangu mwaka 2002 hadi 2012, zikaamua kesi zaidi ya milioni moja. Ziliacha mamilioni ya kurasa, nyingi zimeandikwa kwa mkono, na kazi ya kuzigeuza kuwa picha za tarakilishi ilikuwa ya lazima, kwa kuwa karatasi huoza na mchwa hana huruma. Hata hivyo, katika kurasa hizo mna majina ya watu walio hai: aliyetoa ushahidi dhidi ya jirani yake, na aliyeshtakiwa akaonekana hana hatia. Bado wanateka maji katika kisima kimoja. Je, kila mwenye simu apewe kuzisoma?

Kumbuka Arusha. Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa mwaka 1994 kwa ajili ya Rwanda, ikafungwa mwaka 2015, ndiyo iliyomtia Jean-Paul Akayesu hatiani tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Huko mashahidi wengi walifichwa majina, wakaitwa kwa herufi tu. Herufi hizo zilitosha kuwalinda wakati msomaji alipofunua karatasi moja moja. Lakini mashine huunganisha kijiji na umri, umri na idadi ya watoto, mpaka jina lililofichwa likajitokeza lenyewe. Ahadi aliyopewa shahidi mahakamani yaweza kuvunjwa na mtu asiyemjua, asiyemchukia, mwenye udadisi tu.

Kwa hiyo, msomaji, sikuambii uikimbie mashine. Itumie kama mlango, usiifanye nyumba. Uliza ni nani aliyeandika neno la mada, na ni nini alichokiacha. Kabla hujanakili jina, uliza mwenyewe yu wapi. Na kabla hujataja idadi ya mashahidi elfu, msikilize mmoja tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na vimya vyake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini aliyekilalia akikusimulia, adabu ndogo kabisa ni kumwacha amalize.