Kusoma Wasifu wa Mchezaji Tumpendaye

Wasifu wa mwanakandanda hupimwa kwa utu uelezwao humo, kwani mabao hata gazeti huyahesabu. Tusomapo habari za Eusébio, aliyezaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, twaona kwamba katika Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza alifunga mabao 9, yote kwa jina la Ureno. Wakati huo vijana wenzake wa Msumbiji walikuwa msituni tangu 1964, wakipigana na Ureno iyo hiyo. Mwandishi ayasifuye mabao na kuvinyamazia vita hivyo ametuchorea nusu ya mtu. Hatutaki mchezaji ahukumiwe; kijana aliyevuka bahari akiwa na miaka 18 hakujichagulia bendera. Twataka aelezwe kamili, ili wanafunzi wetu wampende kwa kumjua.