Moshi unaiba mvua? Tusome vizuri lile andiko la 2011

Wenzangu, tunapenda kurudilia maneno haya: «uchafu wa hewa unapunguza mvua ya monsuni». Andiko linalotajwa sana juu ya jambo hilo ni la Bollasina, Ming na Ramaswamy, lililotoka mu gazeti Science mwaka 2011. Mimi wa agronomi nimelisoma, na naona ni kazi ya nguvu, lakini tunaibebesha mzigo usio wake.

Nguvu yake iko wapi? Mu nusu ya pili ya karne ya 20, mvua ya Juni hadi Septemba ilipungua India ya kati na kaskazini. Waandishi wakaendesha modeli mara nyingi: gesi joto peke yake, chembe za viwanda na moto peke yake, mambo ya asili peke yake, kisha vyote pamoja. Gesi haikukausha, chembe njo zilikausha. Juu ya nini? Zinazuia jua, nusu ya kaskazini ya dunia inapoa kuliko ya kusini, na mzunguko wa hewa unaoleta unyevu toka baharini unalegea.

Sasa kasoro. Kwanza, ni modeli moja tu. Pili, chembe zote zimetiwa mu gunia moja. Salfeti ya makaa ya mawe inarudisha mwanga. Masizi yanaumeza na kupasha hewa. Lau na wenzake, 2006, walishaonyesha kwamba masizi na vumbi karibu na Himalaya vinaweza kuongeza mvua ya mwanzo wa msimu.

Tatu, na hii njo inanigusa zaidi: wastani wa miezi ine haupandi mpunga. Mkulima anauliza mvua inaanza lini, inakatika siku ngapi. Waandishi wenyewe walirudi 2013 na andiko lingine: chembe hizo hizo ziliwahisha mwanzo wa monsuni. Msimu unaanza mapema, kisha unakuwa mnyonge! Hiyo hakuna mwenye anairudilia.

Si mchezo wa maneno. Chembe zinakaa hewani siku chache, kaboni inakaa karne na karne. Siku hewa itasafishwa, kivuli kitaondoka haraka, joto litabaki, na mvua itabadilika tena. Sisi wenye tutashauri juu ya mbegu na tarehe ya kupanda, tusiende shambani na sentensi moja mu mfuko.